Mlima Kitonga na Pikapu ya Zamani: Kuchagua Nyongeza za Injini ya Dizeli

Pikapu ya Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haikuundwa kwa ajili ya mbio. Injini hiyo, iliyoanza kutolewa mwaka 1990, ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa sentimita za ujazo 4,164, na haina turbo. Nguvu yake ni farasi 130 hivi kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika, na torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, hufika Nyutonimita 285 kwenye mizunguko 2,200. Kwa gari ambalo likijaa mzigo hupita tani tatu, hizo si namba kubwa. Zilitosha kwa sababu walioiunda walitaka ifanye kazi miaka mingi, kwa dizeli yoyote itakayopatikana, mikononi mwa fundi yeyote mwenye spana. Ndiyo maana katika hospitali za misheni, hifadhi za wanyama na kambi za wakandarasi Afrika Mashariki bado zimo zinazofanya kazi kila siku, nyingine zikiwa zimetembea kilomita laki nne na zaidi.

Mwenye pikapu kama hiyo akilalamika kwamba gari halivuti, ushauri humjia kutoka pande zote: funga turbo, panua ekzosi, fungua pampu, weka tairi kubwa. Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita 830 hivi, hupima ushauri huo bila huruma, kwa kuwa ndani yake mna joto la pwani, bonde kavu, mlima mkali na nyanda za juu zenye hewa nyepesi. Ilitiwa lami baada ya mwaka 1965, Zambia ilipohitaji njia ya kufika bandarini isiyopita Rhodesia, na tangu hapo imekuwa barabara ya malori mazito. Niliipita nikiwa abiria katika pikapu ya 1HZ iliyofungwa turbo na geji za kutosha.

Ununuzi huanzia Dar es Salaam. Katika maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani, nyongeza za dizeli za zamani ni za namna tatu. Kuna mtumba wa Japani, hasa turbo ya CT26 iliyofunguliwa kwenye injini ya 1HD-T, ndugu wa 1HZ aliyetoka kiwandani na turbo yake. Kuna seti kamili mpya, nyingi zikiwa zimebuniwa Australia, nchi ambako magari haya hufanya kazi ngumu za mashambani na migodini, na kuifunga 1HZ turbo ni kazi ya kawaida ya gereji. Na kuna nakala za bei rahisi zisizo na jina la kudumu. Ya mtumba hukaguliwa kwa mkono. Shafti ikishikwa kwenye ncha, yaruhusiwa kucheza kidogo sana kwenda pembeni, lakini isicheze mbele na nyuma, na mapanga yasiwe na alama ya kuguswa na ukuta. Oili iliyoganda kwenye mdomo wa hewa ni dalili kwamba sili zimekwisha. Nakala ya bei rahisi ndiyo ngumu kuikagua, kwa sababu kasoro yake imo kwenye beringi na kwenye uwiano wa mapanga, mambo yasiyoonekana kwa macho. Turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kasoro ndogo huvunja kitu, na kilichovunjika upande wa hewa huelekea kwenye silinda.

Vipo pia vitu visivyostahili kununuliwa kabisa. Chipu ya kuongeza nguvu haina pa kufungwa kwenye 1HZ, maana pampu yake ya kimakanika haiendeshwi na kompyuta. Chipu ni habari ya injini za D-4D zilizokuja baadaye. Sumaku za kubana kwenye bomba la dizeli hazifanyi lolote. Fedha hizo zingenunua chujio la dizeli la orijino, na gari lingefaidika.

Morogoro, kilomita 190 na ushei kutoka Dar es Salaam, ndipo panapofaa kushughulikia afya ya injini kabla mlima haujaidai. Hapa ndipo ilipo sehemu kubwa ya nguvu inayotafutwa, na ndiyo isiyopewa uzito. Pikapu ya miaka 20 mara nyingi haina upungufu wa nguvu ya kiwandani. Imeipoteza njiani, kidogo kidogo, mpaka mwenyewe akasahau ilivyokuwa.

Mafundi wa pampu huwa na kifaa cha mkono cha kupimia nozeli: kikombe cha dizeli, mkono wa chuma wa kukandamiza, na geji moja. Fundi niliyemtazama alizifunga moja baada ya nyingine. Ya kwanza, mshale ulipokaribia ba 150, ilitoa mlio mkavu na ukungu mwembamba ulioenea sawasawa. Ya tatu ilitoa mchirizi ulioinama upande mmoja, kisha tone likabaki likining'inia kwenye ncha. Muda wote aliweka vidole mbali, kwa kuwa dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi. Tone lile ni dizeli isiyoungua kwa wakati wake: huwa moshi mweusi mlimani, hupasha juu ya pistoni mahali pamoja, na huosha oili kwenye ukuta wa silinda. Gari lenye nozeli ya namna hiyo likiongezwa dizeli au turbo, ubaya wa silinda moja huongezwa pia.

Baada ya nozeli hufuata kompresheni, ambayo hupimwa silinda zote sita injini ikiwa ya moto. Usawa kati ya silinda una maana kuliko ukubwa wa namba yenyewe. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, ringi, valvu au gasketi ina tatizo na hakuna nyongeza inayofaa mpaka tatizo hilo litatuliwe. Taimingi belti ya 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu hugonga pistoni, kwa hiyo anayenunua pikapu ya mtumba bila rekodi hubadilisha belti kwanza, hata kabla ya kuosha gari. Pampu nayo hukaguliwa, kwani haina oili yake yenyewe: hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa, uliosumbua Tanzania hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, uliziua pampu nyingi za aina hii kimyakimya, kwa kuwa mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha.

Mfumo wa kupoza injini unahitaji maneno makali zaidi. Gereji nyingi, gari likichemsha, hutoa thamostati na kuitupa. Injini ya dizeli isiyo na thamostati hukaa baridi asubuhi nzima, huchafuka, hulika ringi, na tatizo la asili, mara nyingi rejeta iliyoziba au klachi ya feni iliyochoka, hubaki pale pale likisubiri mlima. Klachi ya feni hutumia oili ya silikoni kushika feni injini inapopata joto. Ikizungushwa kwa mkono wakati injini ya moto imezimwa na kuzunguka bila ukinzani, imekwisha. Rejeta nzuri, thamostati ya orijino, kulanti badala ya maji ya bomba: hizo ni nyongeza za nguvu, ingawa hakuna anayejivunia kuzionyesha.

Kutoka Morogoro barabara huingia Hifadhi ya Mikumi na kukata ndani yake kwa kilomita 50 hivi, magari yakienda taratibu kwa ajili ya wanyama, halafu hushuka kwenye bonde la Ruaha lenye mibuyu na joto kali. Hapo swali ni hewa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi ya pistoni tu, na kizuizi chochote njiani hupunguza nguvu. Machujio ya pamba yaliyopakwa oili, yanayouzwa kwa ahadi ya kupitisha hewa nyingi, hupitisha na vumbi jembamba pia, na vumbi ndilo linalomaliza ringi kwenye barabara za changarawe. Chujio la karatasi la orijino, likibadilishwa kwa wakati na boksi lake likifunga vizuri, linashinda. Snokeli nayo hufaa, ila si kwa sababu ya mito: huvuta hewa kutoka juu ya vumbi linalotimuliwa na tairi za gari la mbele. Ikiwa maungio yake hayakuzibwa, haina faida yoyote.

Baada ya Ruaha Mbuyuni huja Kitonga. Ukuta wa mlima huinuka ghafla, barabara hupinda ukingoni, na semi-trela za Tunduma hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna mahali pengine katika safari hii panapoonyesha vizuri zaidi jambo ambalo wengi hawalioni kwa sababu halina sauti: joto la ekzosi.

Dizeli hufanya kazi tofauti na petroli. Hewa huingia bila kipimo, na nguvu huamuliwa na kiasi cha dizeli kinachopulizwa. Dizeli ikizidi hewa iliyopo, sehemu yake huungua kwa kuchelewa, pistoni ikiwa tayari inashuka, na joto badala ya kusukuma huondoka na moshi. Pistoni ni za aloi ya aluminiamu, na aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Hazipotei mara moja kwa sababu hukabidhi joto lao kwa ringi na oili, lakini uwezo huo una mpaka. Katika 1HZ kuna jambo la zaidi. Dizeli yake haipulizwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, na mwako huanzia humo. Mpango huo huipa injini utulivu na uvumilivu kwa dizeli mbovu, ila chumba hicho hulimbikiza joto kama jiko la mkaa lililofunikwa. Silinda hedi za 1HZ zilizolazimishwa kupita kiasi hupata nyufa hasa maeneo hayo na katikati ya valvu.

Katika pikapu niliyopanda, kipimo cha joto kilifungwa kwenye manifoldi, kabla ya turbo, mahali panaposema ukweli zaidi. Kikifungwa baada ya turbo husoma nyuzi mia au zaidi pungufu wakati wa mzigo. Kwenye tambarare za Mikumi mshale ulikaa karibu na 400. Kitonga, katika gia ya nne na mizunguko 1,700, ulipanda bila kusimama: 550, 600, 650, huku geji ya maji ikiwa bado katikati kana kwamba hakuna linalotokea. Dereva akarudi gia ya tatu. Mizunguko ikapanda, kelele ikaongezeka, na mshale ukashuka hadi chini ya 600. Kwa kazi ile ile ya kupanda, injini inayozunguka kasi zaidi huvuta hewa nyingi zaidi, na feni na pampu ya maji huenda kasi pia. Asiye na geji angebaki gia ya nne akiamini anaipumzisha injini.

Kwa hiyo geji ya joto la ekzosi hununuliwa kabla ya turbo na kabla ya mtu yeyote kugusa pampu. Mafundi wenye uzoefu huweka kikomo cha mlima mrefu kwenye nyuzi 700 hivi, zikipimwa kabla ya turbo, na ni busara kuishi chini ya hapo. Geji ya maji haitoshi, kwani maji huchelewa kupata habari.

Kufungua pampu, yaani kukaza skrubu inayoongeza dizeli, ndiyo nyongeza rahisi kuliko zote na ndiyo inayoua injini nyingi. Haihitaji spea, fundi humaliza kabla chai haijapoa, na gari huvuta kweli siku hiyo. Lakini pampu ya 1HZ ya asili haina kiwambo cha kusoma presha ya turbo kama pampu ya 1HD-T. Skrubu ikikazwa, dizeli huongezeka katika mizunguko yote, hata pale ambapo hewa haijaja. Moshi mweusi unaotoka hapo ni pesa ya mwenye gari ikipeperuka na joto likibaki ndani. Hewa iongezwe kwanza, dizeli ifuate kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye geji.

Iringa mjini ipo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na Mbeya karibu 1,700. Kwa kanuni ya kawaida, injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Farasi 130 za Dar es Salaam hubaki 108 hivi Mbeya, na pampu iliyosetiwa pwani, isipokuwa ile yenye kifaa cha kufidia mwinuko, huendelea kupuliza dizeli ya pwani kwenye hewa ya milimani. Turbo huleta faida kubwa kuliko zote hapa. Presha ya hewa pwani ni ba 1 na kidogo, na Mbeya ni 0.82 hivi. Turbo inayoongeza ba 0.5 huipa injini jumla ya ba 1.3 ikiwa Mbeya, zaidi ya ilivyokuwa ikipata baharini bila turbo.

Hiyo ba 0.5 ndiyo inayofaa 1HZ isiyofunguliwa. Uwiano wake wa kompresheni ni 22.4 kwa 1, mkubwa sana, na kila presha inayoongezwa huzidishwa na uwiano huo silindani. Muuzaji anayeahidi ba 1 kwenye pistoni na gasketi za asili anauza ovahoo ya mwakani. Ukubwa wa turbo nao huchaguliwa kwa kazi: ndogo huamka mapema, kwenye mizunguko 1,500 hivi, na ndiyo inayomfaa mbeba mzigo, kubwa huchelewa na hufaa wanaotafuta namba za juu tu. Intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, si lazima kwa presha ndogo, ila ina kazi ya kweli katika nchi ya joto. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa kwa ba 0.5 hufika nyuzi 80 na zaidi, na hewa moto ni hewa chache. Ikiwekwa juu ya injini huhitaji tundu kwenye boneti. Ikiwekwa mbele huzuia sehemu ya upepo wa rejeta, jambo ambalo Ruaha Mbuyuni saa nane mchana hulikumbusha.

Ekzosi ya inchi 3, isiyo na mikunjo iliyobinywa, ni rafiki wa turbo, kwa sababu kinachotoka kwa urahisi hupunguza joto la ndani. Kwa injini isiyo na turbo, faida yake ni ndogo na kelele ndiyo kubwa. Klachi hukumbukwa mwisho na hulalamika mwanzo: torki ikipanda kwa theluthi, pleti ya zamani huanza kuteleza kwenye gia ya juu mlimani. Bei yake hujumlishwa kwenye bei ya turbo tangu siku ya kwanza.

Kati ya Mafinga na Makambako, penye misitu ya kupandwa ya Sao Hill na pikapu zilizojaa mbao, uzito hupata maana yake. Bampa ya chuma pamoja na winchi hukaribia kilo 100, zote mbele ya ekseli ya mbele. Keria, tanki la pili na boksi la vifaa huongeza nyingine. Kila kilo ni nguvu iliyonunuliwa kisha ikatupwa. Tangu mwaka 1999 pikapu hii, katika toleo lake la 79, ina koili mbele na majani ya springi nyuma, na majani huchaguliwa kwa mzigo wa kila siku, si kwa mzigo mkubwa uliowahi kubebwa mara moja; springi ngumu mno isiyobebeshwa hurusha tairi hewani, hupasua fremu polepole na huchosha migongo ya abiria. Shokapu bora ni matumizi mazuri ya fedha kwenye barabara za matuta.

Tairi kubwa ni nyongeza inayopunguza nguvu. Tairi ya 315/75R16 ni ndefu kuliko 7.50R16 ya asili kwa asilimia 9 hivi, kwa hiyo kila gia huwa nzito kwa kiasi hicho, na spidomita ikionyesha 80, gari liko 87. Anayezitaka kwa sababu za kweli za matope hubadilisha pia meno ya difu, na gharama hiyo huwafanya wengi warudi kwenye saizi ya kiwandani.

Baada ya Makambako barabara hushuka hadi uwanda wa Usangu, na Chimala huchepuka njia ya kwenda Matamba na Hifadhi ya Kitulo, maarufu kwa kona zake 57. Kupanda huko ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya breki, ambazo hakuna turbo inayoziongezea chochote. Dizeli haina kizuizi kwenye mdomo wa hewa kama petroli, hivyo ukinzani wake wakati wa kushuka ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Malori hutumia vali inayofunga ekzosi, nazo zipo za ukubwa wa pikapu. Kwa anayebeba mzigo nyanda za juu, naiweka mbele ya intakula. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na yaliyozeeka huchemka kwenye mteremko mrefu mpaka pedali inazama bila kushika. Kuyabadilisha ni kazi ndogo ya asubuhi moja, na inapaswa kutangulia kila farasi anayeongezwa.

Mbeya wapo wanaoacha kuongeza na kubadilisha injini nzima, wakiweka 1HD-T au 1HD-FT ya mtumba. Kwa anayehitaji nguvu nyingi kila siku, hiyo ni njia safi kuliko kuilazimisha 1HZ, maana injini hizo ziliundwa kwa ajili ya turbo na dizeli yao hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Namba mpya ya injini lazima iingizwe kwenye kadi ya gari katika Mamlaka ya Mapato (TRA), na kampuni ya bima ijulishwe, la sivyo ajali ya kwanza hugeuka kesi ya karatasi. Injini ya mtumba hupimwa kompresheni kabla ya kulipiwa, si baada ya kufungwa.

Aliyebaki na 1HZ na kuifunga turbo huirudisha kwa fundi ndani ya kilomita 1,000 za mwanzo. Nati za manifoldi hukazwa upya injini ikiwa imepoa, bomba la oili ya turbo hukaguliwa kama linatoa jasho, mipira ya hewa hukazwa, na oili humwagwa mapema. Kuanzia hapo oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, na baada ya kila mlima injini huachwa ingurume taratibu dakika mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iliyo kwenye beringi za turbo isiungue humo.